Mwamba Una Wenyewe

Maneno ya leo yalizaliwa barazani, baada ya swala ya alasiri, nje ya msikiti mmoja ambao jina lake sitalitaja kwa kuwa shauri lake bado halijakatika. Msikiti huo umekuwa mdogo kwa watu wake, na siku ya Ijumaa wengi husali juani. Kamati ikaamua kuuongeza, na michango, alhamdulillahi, ikapatikana. Likabaki suala la mawe ya msingi na kokoto. Hapo ndipo alipotokea mtu mmoja wa malori na bei ambayo kila aliyeisikia aliipenda. Alipoulizwa mzigo wake watoka wapi, alisema kuna jabali la chokaa huko bara ya Kilifi, kando ya msitu wa kaya, ambalo limeanza kupasuliwa.

Nikauliza, "Na jabali lenyewe lina nini, mmelitazama?"

Kijana mweka hazina, mtu wa adabu zake, akanijibu kwa upole, "Maalim, pale hapana kitu. Ni mawe tu."

Mzee aliyekaa naye akatia lake: "Na kama pana kitu, basi ni mizimu. Watu huenda pale na kafara zao. Likiondoka, si shirki imepungua?"

Baraza nzima ikacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Nimeyasikia maneno hayo mawili, "mawe tu" na "mizimu tu", tangu utotoni, na kila yanaposemwa kuna kitu cha pwani yetu huondoka kisirudi. Kwa kuwa kamati itakaa tena, na kwa kuwa najua kamati kama hiyo iko katika miji mingine mingi ya mwambao, nimeona afadhali niyajibu hapa, kila mmoja ayasome kwa nafasi yake.

Kwanza nataka nieleweke kuwa mimi si mtu wa kusema jiwe lisiguswe. Mimi ni mtoto wa nyumba ya mawe. Mjomba wangu alikuwa mwashi, na katika siku ambazo sikuwa chuoni na ubao wangu, nilikuwa pamoja naye kwenye tanuri la chokaa. Nimeona magogo yakipangwa duara, matumbawe yakiwekwa juu, moto ukiwashwa, na lile rundo jeupe likiachwa lipoe na kulainika kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ustaarabu wetu wote umesimama juu ya kazi hiyo. Magofu ya Gede ni mwamba na chokaa. Vibla vya misikiti yetu ya kale vimechongwa katika matumbawe. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo huo. Mtu wa pwani akilidharau jiwe amejidharau mwenyewe.

Kwa hivyo sina ugomvi na kuchimba. Ninalouliza ni tuchimbe wapi, na wapi tuache. Na mtu hawezi kuchagua asichokijua.

Pwani ya Kenya ina mawe ya chokaa ya namna mbili. La kwanza ni lile lililo ufuoni, tunalolikanyaga kila siku Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu. Hilo lilikuwa matumbawe hai chini ya maji, wakati bahari ilipokuwa imepanda kuliko leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. La pili liko bara kidogo, katika vilima vya Kambe, Jibana na Chonyi. Hilo ni kongwe mno: umri wake wapita miaka milioni 160. Wenye elimu ya ardhi huliita kwa jina la Kambe.

Mawe yote mawili yana tabia moja. Mvua inyeshapo huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, na maji yake yakawa na ukali mdogo usioonekana wala kusikika ulimini. Ukali huo huyeyusha chokaa taratibu. Penye ufa maji hupita, ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa chumba, na chumba kikawa pango. Juu jiwe huchongoka kama meno ya papa, na chini huwa na matundu kama mzinga wa nyuki. Nchi ya namna hii wataalamu huiita karsti, kwa jina la sehemu moja ya mawe huko Slovenia, mpakani na Italia. Sisi hatukungoja jina hilo. Tulipaita Shimoni pale Kwale kwa sababu ya mapango yake, na ndugu zetu Wamijikenda huliita pango "panga", neno ambalo nitalirudia.

Sasa je, ni mawe tu?

Tuanze na ua. Mwaka 1892, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, akapeleka mbegu zake kwa babake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa mmea huo jina la Saintpaulia. Leo watoto wa mmea huo wamo katika vyungu vya madirishani kote Ulaya na Marekani, na watu huuziana bila ya kujua asili yake. Basi mmoja katika jamaa zake wa mwituni, aliyepewa jina la rupicola, maana yake "mkaaji wa mwambani", kwao ni Kilifi. Huota katika nyufa zenye kivuli za majabali machache ya chokaa, kama yale ya Cha Simba, na haupatikani mwituni mahali pengine duniani. Ua ambalo jamaa zake wanamwagiliwa maji kwa kikombe huko London, sisi nyumbani twaweza kulimaliza kwa baruti ya asubuhi moja.

Kwa nini mmea kama huo usihamie jabali jingine? Kwa sababu jabali la chokaa ni kisiwa cha nchi kavu. Mtu wa Pate na wa Lamu hahitaji kuelezwa kisiwa ni nini. Juu ya jiwe ni jua kali na hakuna udongo, ndani ya ufa ni baridi na unyevu, na pande zote ni mashamba ya mahindi na minazi ambayo mmea wa mwambani hauwezi kuyavuka, kama vile asiye na chombo hawezi kuvuka mlango wa bahari. Ndivyo walivyo na konokono wa nchi kavu. Hao hujenga gamba lao kwa chokaa, na penye chokaa nyingi hustawi. Lakini kiumbe aendaye mwendo wa konokono hatafika kilima cha pili, na baada ya maelfu ya miaka wa kilima hiki huwa si sawa na wa kile. Ukiliondoa jabali moja hukupunguza konokono. Huenda umefuta taifa zima la viumbe.

Halafu kuna popo. Najua popo hana sifa kwetu. Lakini nani katika sisi hakula mabuyu? Hakuna mtoto wa Mombasa ambaye hakwenda madrasa na ulimi mwekundu. Mbuyu hufungua maua yake magharibi jua linapotua, na kesho yake yamekwisha kunyauka. Nyuki wa mchana hukuta karamu imekwisha. Anayeyahudumia usiku, akabeba chavuo kutoka mti hadi mti, ni popo wa matunda, na wako popo wa matunda ambao hawalali mitini bali mapangoni. Pamoja nao wamo popo wadogo wala wadudu, ambao kila usiku hutoka kwa makundi kusaka nondo na mbu juu ya mashamba yetu. Haya yote hufanyika tukiwa tumelala, na ujira wao ni pango lenye giza lisilopigiwa kelele.

Kuna na maji. Mvua ya karsti haikai juu ikawa mto; huzama. Ndiyo maana vilima vile havina mito mingi juu, na chini yake maji yapo. Huku ufuoni maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba, na mzee wa kisima hujua kuwa ukivuta kwa pupa chumvi hupanda. Lakini njia ile ile inayoyapitisha maji masafi hupitisha na machafu. Mchanga huchuja, ufa hauchuji. Shimo la taka au la choo juu ya mwamba wenye nyufa laweza kuwa ndani ya kisima cha jirani kabla hujamaliza wiki. Anayelipasua jabali na kuacha shimo wazi, watu wakalifanya jaa, hakuharibu kilima tu. Ametia mkono katika mtungi wa watu asiowajua.

La mwisho katika hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Katika vilima vya Dzitsoni, Kilifi, yapata kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Watu wameliingia na kulitoka kwa miaka 78,000. Wachimbuzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka ng'ambo walianza kuona mifupa midogo huko mwaka 2013, na mwaka 2017 wakalifunua shimo lote. Mwezi wa Mei 2021 wakaitangazia dunia: ni kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale kuliko yote yaliyopata kujulikana katika Afrika. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto.

Hebu msikilize alivyozikwa. Alichimbiwa shimo. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mifupa yaonyesha kuwa kiwiliwili chake kilikuwa kimefungwa katika kitu, kama sanda ya majani au ngozi, na kichwa chake kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu kilichooza zamani, kama mto. Sisi tuliokwisha kushuka ndani ya mwanandani kumpokea mtoto wetu, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, twajua mikono ile ilikuwa ikifanya nini. Sisemi walikuwa na dini yetu. Elimu hiyo ni ya Mola. Nasema walikuwa wazazi. Na lau jabali lile lingaliuzwa kwa lori kabla ya mwaka 2013, mtoto yule angalikuwa kokoto, na sisi tungesema hapakuwa na kitu pale, ni mawe tu.

Sasa nije kwa mzee wangu wa mizimu, kwa heshima yake.

Mzee, katika ibada sina hoja nawe. Dua yangu na yako huelekea mahali pamoja. Lakini kupinga ibada fulani ni jambo moja, na kubomoa mahali inapofanyiwa ni jambo jingine. Mti haukushirikisha. Popo hakutoa kafara. Ua la mwambani halijui aliyelijia ana hirizi au ana tasbihi. Kisha tukumbuke kuwa kaya si za watu wa mbali. Wako Wamijikenda Waislamu kwa maelfu, na Wadigo aghalabu yao ni Waislamu. Hao ni mashemeji zetu, wajomba zetu na maimamu wetu. Wazee wa kaya walikataza kukata mti na kuvunja jiwe, na kwa katazo hilo wametuwekea msitu ambao sisi wenye vitabu hatukujua thamani yake. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya, Kambe na Jibana ikiwamo, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini hifadhi hiyo ina mpaka. Jabali lililo hatua chache nje ya mpaka laweza kupasuliwa, na pango halijui mpaka ulipita wapi.

Na je, sisi hatuna katazo kama hilo? Tunalo, ila tumelisahau. Mtume wetu (s.a.w.) aliuwekea mji wa Madina mipaka, na ndani yake miti isikatwe ovyo wala mnyama asiwindwe. Katika sheria yetu mna hima, ardhi iliyozuiwa kwa manufaa ya wote. Mna na wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa. Wala pango si kitu kigeni katika dini yetu. Wahyi ulianza pangoni Hira. Mtume na Abubakari walisitirika katika pango la Thawri. Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, ina jina la pango, na wale vijana waliolala mle walihifadhiwa na jiwe kwa amri ya Mola wao. Ajabu ya mtu kutoka msikitini na sura hiyo mdomoni, kisha akaenda kulipia lori la pango lililovunjwa!

Tena haya yamekwisha kufanywa na Waislamu wenzetu, si mbali. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mwamba wa chokaa wenye mapango. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale, akataka msala wa kusalia, na ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Kiliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wakafundishwa kwa lugha ya Qurani kuwa mwanadamu ni khalifa wa ardhi, si mwenye nayo. Hawakuambiwa waache kuvua. Waliambiwa pale pana mipaka yake.

Najua majibu yatakayorudi. La kwanza ni la kazi na tumbo. Yule mpasua mawe ana watoto, na msikiti wahitaji kokoto. Kweli. Ndiyo maana sikusema tusichimbe. Mawe ya chokaa ni mengi kuanzia Vanga hadi Kiunga. Majabali yenye mapango na mimea isiyo na mfano ni machache, na ya kuhesabika. Kumwambia mtu achimbe kule wala si hapa si kumnyima riziki.

Jibu la pili ni kuwa tutapanda miti baadaye, kama Bamburi. Nalo ni la mtu mwenye busara. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikaacha jangwa la mawe meupe, na tangu mwaka 1971 Rene Haller akalivalia njuga. Alijaribu miti ya aina 26. Iliyostahimili ilikuwa mitatu tu. Mvinje ndio uliompa ushindi, na jongoo wenye miguu myekundu ndio waliomsaidia kuugeuza uchafu wa mvinje kuwa udongo. Leo ni bustani ambayo watoto wetu hupelekwa kutazama viboko na kobe. Mkono uliofanya kazi ile wastahili kushikwa. Lakini tusome somo lote: mtu hodari, mwenye fedha na subira ya miaka, amerudisha msitu, hakurudisha mwamba. Ua la ufani haliwezi kuota penye mvinje. Pango likivunjwa, hakuna fundi wa kulijenga, hata angekuwa mjomba wangu.

La tatu ni la maradhi. Watu husema popo wana sumu, na hapa sitawaficha. Katika pango la Kitum, mlima Elgon, wageni wawili walipatwa na homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, na wote wakafa. Na popo wa matunda akaaye mapangoni ndiye abebaye virusi hivyo. Pango la popo si mahali pa watoto kuchezea wala pa kuchota samadi kwa mikono mitupu. Lakini mtu hamwepuki popo kwa kumvunjia nyumba. Ukimvunjia atahamia darini kwako. Mwachie pango lake, naye atakuachia nyumba yako.

Basi nini la kufanya? Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka athari zipimwe kabla timbo halijafunguliwa, na watu wa mahali wasikilizwe. Kwa hiyo kila anayenunua kokoto, na hasa anayenunua kwa fedha za sadaka, na aulize maswali matatu: Zimetoka jabali gani? Kibali ki wapi? Wazee wa pale wamesema nini? Asiyeweza kujibu asilipwe. Pili, maimamu wetu na wazee wa kaya wakae mkeka mmoja, si kujadili ibada bali kujadili jabali, waandike yapi ya kuachwa, kisha waipelekee kaunti orodha hiyo kwa sauti moja. Tatu, mwenye shamba lenye jabali kama hilo na aliwekee wakfu. Tumeweka wakfu minazi na visima. Kwa nini tusiweke wakfu pango linalokilisha kisima hicho maji?

Kwa kamati ya msikiti wangu nina neno moja. Hesabu ya mweka hazina yaonyesha kuwa kokoto za timbo lenye kibali zitatuzidishia gharama. Hiyo ni kweli, na nyongeza hiyo nitaichangia mimi kwa kadiri ya uwezo wangu, na wengine wataongeza. Msikiti ni nyumba ya Mwenyezi Mungu. Haifai tuujenge kwa kuzivunja nyumba alizowapa viumbe wake wengine.

Jiwe usidhani kavu, ndani yake mna nyumba,
Mna popo mna kuvu, na maua ya kupamba,
Likitoka kwa mabavu, halirudi kwa kuomba,
Tuteue kwa werevu, pale tusipopachimba.